Mkufunzi wa Zana na Chumba cha Video

Mambo yote yale yaligharimu televisheni moja, deki moja, jenereta moja lililokunywa petroli kuliko lori, na cheti cha ualimu cha Kabula. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili, kama kawaida yangu, na jibu halibadiliki. Vitu vitatu vya kwanza vilikuwa vya msaada, hakuna aliyetoka jasho kuvipata. Cha nne ndicho kilichokuwa na mwenyewe. Na aliyekichukua ni mtu ambaye mpaka leo nikishika chaki najikuta nimesimama kama yeye, mguu wa kushoto mbele, bega moja chini, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ukimchukia mtu ungependa umchukie mzima mzima, siyo ukae unamchambua kama dagaa, huyu mzuri weka huku, huyu mbovu tupa kule.

Tulimwita Mkufunzi. Chuo chetu kilikuwa upande wa Ilemela, majengo yamebanwa kati ya mawe na ziwa, na wakufunzi walikuwa wengi: wa Hesabu, wa Saikolojia, wa Kilimo. Lakini ukisema Mkufunzi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema wa Zana. Kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi walimu tarajali namna ya kutengeneza vifaa vya kufundishia. Alikozaliwa sikuuliza, na ukoo wake si biashara yangu. Ninachokijua ni mikono yake, maneno yake, na jinsi alivyotugeuka.

Alivaa tai kila siku, na chini katambuga za matairi. Tai ilikuwa moja. Begani alining'iniza kiroba cha sukari, na ndani ya kiroba hicho kulikuwa na vitu ambavyo mtu mwenye akili zake angevipita: visoda, vijiti vya mishkaki, chupa za dripu kutoka jalala la hospitali, mipira ya baiskeli iliyochanika. Kwa mpira wa baiskeli na chupa mbili za dripu alitutengenezea moyo wa binadamu unaosukuma maji yenye rangi nyekundu. Mwanachuo mmoja wa Musoma alizimia. Mkufunzi alimruka pale chini akaendelea kufundisha mzunguko wa damu, akisema huyu naye ni zana, mwangalieni rangi ya midomo.

Chaki aliikata vipande vitatu na kutumia kimoja kwa wiki. Ila ukimwendea na tatizo alikupa mchana wake mzima. Hakuwahi kumwambia mwanafunzi "umekosa" halafu akaishia hapo. Ukikosea alikusogelea, akainamisha lile bega, akasema, "Hilo kosa linatoka wapi? Nipeleke nikalione nyumbani kwake." Basi mtarudi nyuma pamoja, hatua kwa hatua, mpaka mfike pale ulipopotea, na hapo anasimama kama mtu aliyefika ugenini, anapaangalia. "Kumbe linakaa hapa," anasema. Maneno hayo yakumbuke. Mimi niliyaweka akiba.

Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa neno moja: "Umeona." Wengine walimaliza miaka miwili bila kuambiwa. Kabula aliambiwa wiki ya kwanza.

Mimi aliniita Machinga. Sikuudhika, ilikuwa kweli. Ni mtoto wa Mkuyuni, nimekua nikisikia bei kabla ya salamu, na bwenini niliuza betri, sabuni za vipande na kalamu. Mkufunzi alipotaka kununua kitu mjini alinichukua mimi nimwongelee, kwa sababu yeye alikuwa na ugonjwa wa kulipa bei ya kwanza.

Siku moja alitupeleka, mimi na Kabula, kwenye geti la kiwanda cha minofu. Ndiyo miaka ile ya soko huria, viwanda vya samaki vimeota ufukweni kama uyoga, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa, mkia na mifupa katikati. Akina mama waliyanunua kwa rundo, wakayakaanga, wakauza kwa watu ambao mnofu waliusikia tu. Mkufunzi alisimama mbele ya mama mmoja akachagua panki refu kuliko yote.

"Mwalimu," yule mama akasema, "chuoni kumeharibika kiasi hicho? Mpaka nyinyi mnakula mapanki?"

"Siyo ya kula, mama. Ya kufundishia."

"Ya kufundishia nini? Umaskini?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakalia beseni. Mkufunzi naye alicheka, halafu akanigeukia: "Machinga, ongea na mama." Niliongea. Nilimshusha mpaka nusu, na kichwa kingine akatupa cha nyongeza. Njiani Mkufunzi hakucheka tena. Alisema, "Nyama wamechukua. Maarifa wametuachia hapa kwenye mifupa, kwa sababu hawakujua kama yapo." Alisema kwa hasira iliyonifurahisha. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilipenda watu wenye hasira nzuri.

Kabula ndiye aliyeyachemsha yale mapanki. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa huko Magu, ameshakaa karibu na ng'ombe aliyechinjwa, mifupa haimtishi. Aliyachemsha, akayaanika juu ya mawe, akapitisha waya pingili kwa pingili, akapata mnyama mzima anayepinda mgongo. Watoto wa shule ya mazoezi walimgombania. Mkufunzi alizunguka ule mfupa akaja akasimama mbele ya Kabula. "Umeona," akamwambia. Kabula alikuwa msichana mrefu, asiyependa maneno mengi. Aliinama tu kuokota waya uliobaki.

Kuhusu mashine, Mkufunzi, kabla hajatugeuka, alikuwa na msimamo wake. Chuo kilikuwa na redio ya kusikilizia vipindi vya shule. Yeye ndiye aliyeitengeneza kila ilipokufa, na akaivisha sweta lake la zamani isiingie vumbi. Lakini kipindi kikifika katikati aliizima.

"Mkufunzi, bado haijamaliza!"

"Imemaliza. Hiyo redio imemwona yule aliyesinzia pale nyuma?"

"Hapana, Mkufunzi."

"Mimi nimemwona. Mwamsheni, turudie pamoja, halafu tutaiwasha tena."

Hakuwa adui wa mashine. Alitaka tu mashine iwe chini ya mtu. Hivyo ndivyo nilivyomwelewa, na bado naamini nilimwelewa sawasawa, ndiyo maana nina hasira.

Kwa sababu mashine ilipokuja kweli, yeye ndiye aliyeingia chini.

Ilikuja kwenye lori, ndani ya maboksi. Wafadhili wa mradi fulani walitaka vyuo vya ualimu viingie kwenye teknolojia, basi wakatuletea televisheni, deki, jenereta na kanda za masomo ya mfano. Ndiyo kwanza televisheni zilikuwa zinaanza kuonekana Mwanza, kwenye maduka ya mjini, watu wanajaa nje ya kioo. Nilimwona Mkufunzi akifungua boksi. Alilifungua taratibu, akatoa sponji, akakipangusa kile kioo kwa kiwiko cha shati lake. Midomo ilimtetemeka. Wale waliokuwa karibu waliangalia pembeni.

Stoo ya majembe ikawa Chumba cha Video. Televisheni ikavikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama sebuleni kwa mtu. Ufunguo akauvaa shingoni, chini ya tai. Kuingia unavua viatu. Kugusa, hakuna. Kile kiroba cha sukari kikatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na sikumwona nacho tena begani.

Na somo la Zana likaisha. Hakulifuta mtu, lilikufa lenyewe. Kipindi chake kikifika tulikaa sakafuni kwenye Chumba cha Video, jenereta linanguruma nje, tukimwangalia mwanamke mmoja wa nje tuliyempa jina Mama wa Kwenye Kanda. Alifundisha watoto wachache waliokaa kwenye zulia. Watoto hao hawakuwahi kukohoa. Alisema kwa Kiingereza na Mkufunzi alitafsiri, akisimamisha kanda kila mara.

"Rudisha! Mmeona alivyonyoosha mkono? Kiganja juu. Nyinyi mnanyoosha kama mnasimamisha basi."

Tukawa tunafanya mazoezi ya kiganja.

Nilimuuliza siku moja, baada ya kipindi, kama tutarudi kwenye mapanki. Alikuwa anaifunika televisheni kwa kitambaa chake. Akanijibu bila kugeuka, "Machinga, tangu nianze kazi hii nafundisha watu kuokota. Leo nimepewa. Unataka niendelee kuokota?"

Kama kuna mtu katika mkoa ule aliyestahili kupewa kitu kipya ndani ya boksi, ni yeye. Hapo namweka upande wa wazuri. Lakini mtu akipewa hapaswi kuwanyang'anya wengine macho.

Bwenini tulibishana sana juu ya mashine ile, maana wasichana waliruhusiwa kukaa na sisi barazani mpaka kengele ya jioni. Mmoja alisema miaka ijayo walimu watafukuzwa, watoto watawekewa kanda.

"Sawa," akajibu mwingine, "ila ikichukua kazi ichukue na mshahara unaochelewa."

Mwingine alitaka mashine ije haraka, amechoka kuchora ramani ya Afrika kwenye manila na kila mara Madagaska inakosa nafasi. Mimi nilisema nitafungua duka la kuuza kanda. Kabula alikuwa anasuka ukili. Akasema, "Mimi siogopi kunyang'anywa kazi. Naogopa siku nitakayopelekewa hicho chombo shuleni, mtoto aniulize mwalimu hiki kinafanyaje kazi, na mimi ninachokijua ni kumwambia avue viatu."

Tulicheka mpaka kengele ikapigwa. Hakuna aliyejua kuwa sentensi ile ina bei.

Wafadhili walipotangaza kuwa watakuja kuuliza maoni ya walimu tarajali kuhusu teknolojia katika elimu, chuo kilipata wazimu. Ilisemekana tukijibu vizuri tutaletewa kompyuta. Wakati huo huo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na jina la kila mkufunzi lilikuwa linaning'inia. Mkufunzi alitukusanya ukumbini akatufundisha maoni yetu.

"Mkiulizwa video imewasaidiaje?"

"Imetuboreshea ufundishaji!" tuliitikia.

"Mkiulizwa mnataka nini zaidi?"

"Kompyuta!"

"Mkiulizwa changamoto?"

Kimya.

"Vizuri sana," akasema.

Wageni walikuwa watatu. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mrefu mwenye kofia ya ukindu, mpole kabisa, aliyetaka kweli kusikia. Sisi tulisomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo mkalimani alikuwa Mkufunzi. Watu wawili walijibu kama tulivyofundishwa. Yule mama akashukuru, halafu, sijui alimwonea nini, akamnyooshea mkono Kabula. Kiganja juu.

Kabula alisimama. Nilikuwa nyuma yake, niliona kisigino kimoja kikitoka kwenye ndala na kurudi.

"Mnatuuliza maoni yetu," alisema kwa Kiswahili, polepole. "Maoni yangu ni kwamba hatujaigusa. Tumeiangalia muhula mzima na hakuna hapa anayejua kuiwasha. Siikatai. Nataka nifundishwe kuitumia, siyo kuiheshimu. Shule niliyofanyia mazoezi Kisesa haina umeme, darasa moja lina watoto zaidi ya mia, na kitabu kimoja. Kama mashine itafika huko, nifundisheni nifike nayo. Kama haitafika, turudishieni somo letu la Zana."

Nilisikia maji yanavyopiga mawe huko chini. Mkufunzi alikuwa ameinamisha lile bega. Kisha akainua uso, akatabasamu, akawaambia wageni kwa Kiingereza kizuri kwamba binti huyu anashukuru sana, anasema video imemfumbua macho, na shule za vijijini kama Kisesa zinasubiri mashine hizi kwa hamu.

Wageni wakapiga makofi. Yule mama wa kofia alipiga kuliko wote.

Kabula hakukaa. Alingoja makofi yaishe. Halafu kwa Kiingereza chake cha Magu, neno moja, pumzi, neno jingine, akawaambia kwamba hayo siyo aliyoyasema.

Kompyuta hazikuja. Sijui kama zilizuiliwa na maneno yake au hazikuwa za kuja toka mwanzo. Nimefanya biashara vya kutosha kujua kuwa anayekuuliza sana mara nyingi hanunui. Lakini chuoni iliamuliwa kuwa ni ulimi wa Kabula.

Mazoezi ya mwisho ya kufundisha ndiyo yaliyoamua nani anapata cheti. Mimi na Kabula tulipangiwa shule moja Kisesa, na aliyekuja kumpima Kabula alikuwa Mkufunzi. Mimi sikuwa na kipindi saa ile. Nilisimama nje ya dirisha, dirisha lenyewe tundu tu, halina fremu, kwa hiyo niliona kila kitu kama niko ndani.

Kabula aliingia na mgongo wa sangara begani. Watoto walikuwa wamekaa chini, magoti kwa migongo. Aliuning'iniza kwenye boriti, akaupindisha, akamwita mtoto mmoja aje apinde mgongo wake na wenzake wapapase pingili. Dakika mbili baadaye darasa zima lilikuwa linapapasana migongo na kupiga kelele za kugundua. Mtoto mmoja nyuma alikuwa ameangalia pembeni. Kabula alimwona kabla yangu. Alikwenda, akachuchumaa, akamuuliza kitu, wakarudi nyuma pamoja taratibu, mpaka nikamwona mtoto anacheka.

Ilikuwa ni kazi ya Mkufunzi mwenyewe, kila kipande chake, imefanywa na mtu mwingine vizuri kuliko yeye. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameona. Naapa kwa mama yangu, alikuwa ameona. Nilimsubiri aseme.

Akafunga kalamu yake, akamwambia Kabula mbele ya mwalimu mkuu, "Hakuna matumizi ya teknolojia ya kisasa. Umeshindwa."

Shule haina umeme! Haina hata mlango! Angetumia teknolojia gani, apige mswaki kwa tochi? Nimeirudia hesabu ile kila upande, haijawahi kutoka sawa.

Jioni nilimfuata nyumbani kwake. Sikuwa na adabu nyingi lakini salamu niliitoa.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, Machinga."

"Kabula amekosa nini?"

"Wewe mfanyabiashara, unaniuliza mimi? Unajua tumepoteza mashine ngapi kwa ulimi wake? Unajua majina ya nani yatakatwa sasa?"

"Nakuuliza kosa. Linatoka wapi?"

Aliingia ndani, akafunga mlango.

Baba yake Kabula alikuwa ameshauza ng'ombe kwa ajili ya michango ya chuo. Kurudia mwaka kungetaka ng'ombe wengine. Mzee akasema ng'ombe wake hawazai kwa ratiba ya hasira za mtu. Kabula akarudi Kisesa bila cheti. Mpaka leo anafundisha chekechea ya kanisani, analipwa mahindi na viazi, na wazazi wanamwita mwalimu, ila serikali haimjui. Kila mwaka mtu mwenye cheti huja, hukaa miezi miwili, huhama, na Kabula hubaki na watoto wale wale.

Jenereta lilikufa kabla ya mwaka kuisha. Petroli ilikuwa ya mradi, mradi ukafunga vitabu vyake, na wafadhili wakahamia kwenye jambo jingine. Jina la Mkufunzi lilikatwa pamoja na mengine. Kwenye mnada wa vifaa chakavu alinunua televisheni na deki yeye mwenyewe, kwa bei ya kwanza, bila kubishana. Sikuwapo pale kumwongelea, na ningekuwapo nisingefungua mdomo.

Hapa katikati mimi nilipata ajira, nikafundisha, nikawa na duka dogo la pembeni, kwa sababu mshahara bado ulichelewa. Nilipokutana na mkuu mpya wa chuo, mtu mwepesi kusikiliza, nilimwelezea habari ya Kabula. Akaniambia, "Aliyempima akija hapa akasema alimkosea, nitamruhusu arudie mazoezi tu, siyo mwaka mzima. Lakini aje mwenyewe." Basi nikaanza kumtafuta.

Sikwenda mbali. Alikuwa Mkuyuni, mtaa wangu wa utotoni, nyuma ya soko, kwenye banda la mabati lililobandikwa karatasi ya filamu za siku hiyo. Ilikuwa mchana. Nilitoa kiingilio kama watu wengine, nikakaa kwenye benchi la nyuma.

Banda lilijaa watoto, na wapiga debe waliopumzika, na mama mmoja na beseni lake la ndizi. Televisheni ilikuwa ile ile. Kitambaa cha kufuma hakikuwapo. Pembeni yake alisimama Mkufunzi na fimbo ya kuelekezea, tai ile ile, mguu wa kushoto mbele. Filamu ilikuwa ya Kihindi na yeye alikuwa anaitafsiri kwa sauti, akibadilisha koo kwa kila mtu. Kihindi najua hajui. Alikuwa anatunga.

Na alikuwa hodari, hilo nalo linaniudhi. Alisimamisha kanda kila alipotaka.

"Wewe wa nyuma, unaona nini mkononi kwa huyu mjomba?"

"Barua, Mwalimu!"

"Unajuaje ni barua?"

Watoto wakabishana, akawaacha wabishane, halafu akaiwasha. Mtoto aliyesinzia aliguswa kwa fimbo begani, taratibu. Mmoja alibonyeza kitufe mwenyewe, akamruhusu. Hakuna aliyevua viatu.

Ndipo ikaja mahakama. Msichana mmoja mwenye sari nyeupe amesimama mbele ya hakimu, wakili mnene ameshamsingizia kila kitu. Msichana akafungua mdomo, na Mkufunzi akabadilisha sauti. Hakuibana iwe ya kike kama alivyofanya kwa wengine. Aliishusha tu.

"Mnatuuliza maoni yetu," akasema. "Maoni yangu ni kwamba hatujaigusa. Tumeiangalia muhula mzima na hakuna hapa anayejua kuiwasha. Siikatai. Nataka nifundishwe kuitumia, siyo kuiheshimu."

Aliendelea mpaka mwisho, watoto zaidi ya mia, kitabu kimoja, turudishieni somo letu. Midomo ya yule Mhindi ilikuwa imeshafunga zamani, yeye bado anasema. Hakuruka neno. Niliyapanga kichwani, nikayapanga tena, yalikuwa yote. Watoto wa Mkuyuni hawakuelewa kitabu kimefikaje kwenye kesi ya mauaji lakini walipiga makofi.

Filamu ilipoisha na watu kutoka, nilibaki kwenye benchi. Aliniona.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba." Akakodoa macho. "Machinga?"

"Ndiye mimi."

"Umelipa kiingilio?"

"Bei ya kwanza."

Akacheka kidogo, kicheko kikafia njiani. Alianza kuizungushia waya deki. Nywele zilikuwa zimekwisha mbele.

"Umeyatafsiri vizuri leo," nikamwambia.

Akaendelea kuzungusha waya.

"Unayasema kila siku?"

"Kila filamu yenye msichana anayesimama," akasema. "Wapo wengi. Kwenye za Kihindi hata ukikosa wimbo, msichana wa kusimama humkosi."

"Na watu wanalipa kukusikiliza."

"Wanalipa."

"Kabula hajalipwa."

Nilimweleza yote: chekechea, mahindi, mkuu mpya wa chuo na alichokitaka. Sikupandisha sauti. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hasira ile muda mrefu, nikaona ikitoka baridi, imenyooka. Alisikiliza kwa bega lile lile. Nilipomaliza akaanza kubishana, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kubishana bei na mtu.

"Nimwandikie barua."

"Hapana."

"Nimtumie mtu, basi. Wewe. Wewe unajua kusema."

"Hapana, Mkufunzi. Bei ni moja. Kwa mdomo wako, mbele yake, halafu mbele ya mkuu wa chuo. Bila mkalimani."

"Atanitukana."

"Inawezekana."

"Mbele ya wale watoto wake."

"Wataona. Si ulikuwa unataka watu waone?"

Alikaa kwenye benchi la mbele, lile la watoto, magoti yakamfika kifuani. Nje mama wa ndizi alikuwa anaita wateja. Nikamwambia maneno niliyoyaweka akiba miaka yote ile, "Lile kosa lina nyumba yake, Mkufunzi. Iko Kisesa. Twende nikupeleke ukalione."

Halafu akainuka, akazima televisheni, akachukua kile alichokuwa amekitandika kwenye kiti chake, kumbe ni lile sweta la redio, akaivisha televisheni kwa juu na kuvuta mikono ya sweta mpaka ikafunika kioo. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kiroba cha sukari kilikuwa kinaning'inia. Akakitungua, akakikung'uta, akakiweka begani.

Tulipofika mlangoni akasimama, mguu wa kushoto mbele.

"Machinga," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anauliza ili kunifundisha, "nishauri. Nikisimama mbele yake, nianze na lipi?"